Dawa Haimo

Muuguzi alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemnong'oneza mwenzake kwamba zipu yake iko wazi.

"Dawa haimo."

Verlin Sizemore alidhani amesikia vibaya. Masikio yake yaliharibikia mgodini zamani, na mambo mengi siku hizi yalimfikia nusunusu. Akamgeukia mkewe, Reva, aliyekuwa ameegemea ubavu kwenye kiti cha kliniki, maana kukaa sawasawa kama watu wengine hakuwezi tena. Uso wa Reva ulikuwa umepauka.

"Haimo wapi?" Verlin akauliza.

"Kwenye mkojo wake, Bwana Sizemore. Mtu anayemeza vidonge vya maumivu tunavyomwandikia, dawa lazima ionekane kwenye kipimo. Kwa mkeo haionekani. Hata chembe."

"Basi kipimo chenu kibovu. Mimi mwenyewe ndiye ninayempa. Asubuhi, mchana, jioni. Namwekea hapa kiganjani, nasimama, nangoja ameze."

Muuguzi huyo, Kendra, alikuwa binti wa watu wa hapo hapo. Mama yake na Verlin walisoma darasa moja. Hakuinua macho. "Kama hamezi," akasema, "basi vinakwenda mahali pengine."

Verlin hakuelewa. Reva ndiye aliyeelewa.

"Anasema nauza," Reva akasema. "Verlin, huyu mtoto anasema mimi nauza vidonge."

Verlin aliwahi kusikia paa la mgodi likipasuka juu ya kichwa chake, akakimbia, akapona. Lakini neno lile lilimpata mahali ambapo hakuwa amevaa kofia ngumu. Alifungua mdomo, ukabaki wazi. Katika mabonde yale watu wamezika watoto kwa sababu ya uraibu wa vidonge kama vile. Anayeviuza hasalimiwi dukani.

"Kendra," akasema alipopata sauti, "mimi nimekujua tangu unanyonya."

"Najua, Bwana Sizemore. Nisameheni. Ndio utaratibu."

"Nipe kikombe kingine," Reva akasema. "Sasa hivi. Uje usimame unitazame, kama hujawahi kuona mtu mzima akikojoa."

Wakaingia chooni wawili hao. Verlin akabaki ukumbini na kofia mkononi, akiwatazama wagonjwa wengine, nao wakitazama viatu vyao. Walipotoka, Kendra alikuwa ameshika kikombe kwa ncha za vidole, na Reva alikuwa analia bila sauti. Vijistari vya kipimo vilivyobandikwa pembeni mwa kikombe vilikuwa vimesema vilevile.

"Tutakipeleka maabara kubwa," Kendra akasema. "Lakini majibu yasiporudi, daktari hawezi kuandika dawa nyingine."

Njiani kurudi nyumbani, Reva alilala nusu kwenye kiti cha pikapu, mto mmoja mgongoni, mwingine chini ya mapaja. Barabara inapinda pamoja na kijito, na kila kona ilimtoa mguno.

"Unaniamini?" akauliza.

"Nakuamini."

"Hata tone la shaka huna?"

"Nikikushuku wewe, sharti nijishuku na mimi. Si mkono wangu ndio unaokupa?"

Reva akafumba macho. Hilo lilimtosha kwa siku ile.

Verlin Sizemore hakuwa mtu wa kusimuliwa habari zake. Alizaliwa bonde la Lick Fork, mashariki ya Kentucky, akaingia mgodini kabla ndevu hazijamkomaa, akatoka mgodi ulipofungwa. Baada ya hapo alitengeneza mashine za kukatia nyasi bandani nyuma ya nyumba yake. Aliwatoza watu kiasi walichoweza, akanywa kahawa na wale wasioweza. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo sana, na aliyemlea ni dada yake, Wilda, ambaye naye wakati huo alikuwa msichana tu. Wilda ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu na kusali, na siku Verlin alipomwoa Reva, Wilda ndiye aliyelia kuliko mama wa bibi harusi.

Reva alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Siku moja mzee mmoja, pande la mtu, aliteleza akitolewa bafuni. Reva akamdaka. Mzee hakuumia hata ukucha. Reva ndiye aliyevunjika uti wa mgongo, akapasuliwa, akatiwa skrubu, na tangu hapo maumivu yakahamia kwake kama mpangaji asiyetaka kutoka. Yalishuka mguu wa kushoto kama maji ya moto. Vidonge havikuyafukuza, ila viliyanyamazisha kiasi cha yeye kuweza kukaanga mayai na kucheka.

Kazi yote iliyobaki ilikuwa ya Verlin. Alijifunza kumgeuza kitandani bila kumpinda, kumwekea mto katikati ya magoti, kujua kwa jinsi anavyopumua kama leo ni siku ya kuongea au ya kunyamaza. Wanaume wenzake walimtania.

"Verlin, siku hizi umekuwa yaya!"

"Afadhali yaya," alikuwa akijibu. "Yaya hulipwa. Mimi nagombezwa tu."

Na Wilda alisaidia. Mume wake alikuwa amekufa, nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya bonde hilohilo, na kila juma alikuja mara mbili na sufuria ya maharage na mkate wa mahindi. Verlin akipata nafasi ya kwenda mjini kutafuta vipuri, Wilda humwosha Reva nywele, ambazo wanawake wa kanisa lao hawazikati, akazichana taratibu huku akimwimbia. Wifi na wifi, lakini ungedhani ni mtu na dada yake.

Sasa, majuma kadhaa kabla ya kipimo, Reva alianza kuharibika. Jasho lilimtoka hata asubuhi ya baridi. Alipiga miayo mfululizo, pua ikamchuruzika, miguu ikawa inajirusharusha yenyewe kitandani kama ya mbwa anayeota. Maumivu yakarudi kwa nguvu zake zote za zamani.

"Ni homa ya msimu," Wilda alisema huku akimfuta paji la uso. "Kanisani wote wanaumwa."

Verlin aliamini. Siku moja hata alimwambia mkewe, "Jikaze basi kidogo." Reva akageuzia uso ukutani.

Basi wakangoja majibu ya maabara. Vidonge vilivyobaki chupani Verlin aliendelea kumpa kwa saa zake, na Reva aliendelea kutoka jasho.

Siku ya kwenda kununua maziwa, Verlin alipokuwa anafungua mlango wa pikapu nje ya duka, kijana mmoja asiyemjua alimsogelea. Alikuwa mwembamba, mikono mifukoni.

"Mzee, habari. Nasikia mama yuko nyumbani na mzigo."

"Mzigo gani?"

"Vile vyeupe. Usiogope, mimi si askari. Ukinipunguzia, nakuja mwenyewe hadi Lick Fork."

Verlin alisikia maneno, akayaelewa moja moja, lakini yote kwa pamoja hayakuingia. Alimtazama kijana yule kwa muda mrefu hata kijana akaingiwa na hofu, akarudi nyuma, akaondoka akilaani. Verlin alibaki ameshika galoni la maziwa mpaka vidole vikafa ganzi. Habari ilikuwa imetoka kliniki, imevuka mlima, imefika kwa watu kama wale, kabla hata maabara haijajibu! Alifika nyumbani, akaweka maziwa kwenye friji, hakumwambia mkewe lolote.

Simu ikalia siku iliyofuata. Kendra. Sauti yake ilikuwa kama inasoma ukutani.

"Bwana Sizemore, maabara nao wanasema vilevile. Haimo. Daktari ameamua kumwondoa Bi Reva kwenye kliniki."

"Kumwondoa? Aende wapi?"

"Anaweza kutafuta mahali pengine."

"Na maumivu yake je, nayo yatatafuta mahali pengine?"

Simu ikakatika.

Verlin hakuwa mtu wa hasira, lakini siku ile alipiga ukuta wa banda kwa ngumi, ukuta ukashinda. Halafu akapata wazo. Vidonge si vinahesabika? Kama Reva angekuwa anauza, chupa isingekuwa na idadi inayostahili. Akalifungua sanduku la chuma alimofungia dawa, ambamo zamani aliweka ndoano na chambo zake za kuvulia samaki, akachukua chupa, akaendesha moja kwa moja hadi duka la dawa la Clell Deaton, aliyekuwa akimuuzia vidonge hivyo tangu mwanzo.

"Clell, nihesabie. Nihesabie halafu uwapigie simu wale washenzi uwaambie."

Deaton alikuwa mzee mpole mwenye mikono safi kuliko mtu yeyote mjini. Alivimimina vidonge kwenye sahani yake ya kuhesabia, akaanza kuvisukuma viwili viwili kwa kijisu butu cha kazi yake. Kisha mkono ukasimama. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Akainua kidonge kimoja hadi kwenye taa.

"Verlin," akasema, "hivi umevitoa wapi?"

"Umeanza utani? Umenipa wewe."

"Hivi si vyangu."

"Clell..."

"Sogea. Tazama hapa. Vile nilivyokupa vimegongwa herufi na namba ubavuni. Hivi vimegongwa kitu kingine. Rangi moja, urefu karibu mmoja. Lakini hii ni dawa ya kichwa. Ipo pale rafu ya tatu, mtoto anaweza kuinunua."

Verlin alikitazama kidonge. Aliona kitu cheupe kirefu, kama siku zote. Herufi hakuziona, macho yake yaliishia hapo siku nyingi. Alishika kaunta.

"Vyote?"

Deaton alivigeuza kimoja kimoja. "Vyote."

Nyuma yao mama mmoja alikuwa anachagua kadi ya siku ya kuzaliwa.

"Nikuulize," Deaton akasema polepole. "Reva alitokwa na jasho? Miayo? Miguu ikawa haitulii?"

Verlin aliitikia kwa kichwa.

"Hiyo si homa. Huo ni mwili ulionyang'anywa dawa ghafla. Maskini mama wa watu, alikuwa anateswa mzimamzima na kila mtu anamtazama." Akainama karibu. "Sanduku linafungwa?"

"Kwa ufunguo."

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Nyuma ya saa ya ukutani."

"Nani mwingine anaingia humo ndani?"

"Hakuna mtu," Verlin akasema. "Hakuna. Dada yangu tu."

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Alimwona Deaton akitazama chini, kwenye sahani, kwa adabu, kama mtu aliyemkuta mwenzake uchi.

Verlin hakukumbuka alivyoendesha. Alijikuta tu mbele ya nyumba ya Wilda. Dada yake alikuwa barazani, bakuli la maharage mabichi mapajani, akiyakata ncha na kuyavuta nyuzi. Alipoiona chupa mkononi mwa Verlin, vidole vyake viliendelea na harage moja, akalimaliza, akaliweka bakulini.

"Nilijua utakuja," akasema.

Verlin alikuwa amejiandaa kwa dada yake kukana. Alikuwa na maneno tayari ya kujibu uongo. Badala yake akakaa kwenye ngazi.

"Umevipeleka wapi, dada? Umemuuzia nani?"

"Kumuuzia!" Wilda akacheka kicheko kifupi, kikavu. "Nimevila, Verlin. Nimevimeza mimi."

"Wewe? Una nini wewe?"

"Nyonga. Tangu kiwanda cha kushona. Yule daktari wangu wa juu kule, serikali ilipomfunga kwa kugawa vidonge ovyo, hakuna aliyenipokea tena. Wengine walisema mimi mzee, wengine walisema aliyetoka kwa yule hatumtaki. Asubuhi nakwenda chooni kwa mikono na magoti, mdogo wangu. Kama mtoto. Halafu najivuta, najipamba, nakuja kwako na maharage."

Verlin alimtazama dada yake aliyemlea kana kwamba ni mgeni aliyepita njia. Hakuwahi kumwona akichechemea. Au alimwona, akadhani ni uzee.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenipa nini? Ungenipa vya Reva?"

Verlin aliigeuza chupa mkononi.

"Nilianza kwa kimoja," Wilda akasema. "Nikasema kimoja hatakikosa. Halafu ukawa unahesabu, nikaona heri niweke kitu mahali pake."

"Ulimfuta jasho, Wilda. Ulimwambia ni homa. Ulimchana nywele huku unamwimbia."

"Naam."

"Na ulijua jasho lile ni la nini."

"Nilijua," akasema, na hapo ndipo uso wake ulipovunjika. "Mungu anajua kwamba nilijua."

Verlin aliinuka, akaenda zake bila kuaga, jambo ambalo alikuwa hajawahi kumfanyia mtu.

Nyumbani alimwambia Reva yote, amesimama, kofia bado kichwani. Alitegemea kilio. Reva alicheka. Alicheka hadi mgongo ukamkata, akang'ata taulo, akacheka tena, na Verlin akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa chini ya ardhi.

"Kwa hiyo sina wazimu," Reva akasema hatimaye, machozi yakimtiririka. "Nilianza kujiuliza, unajua? Nilijiuliza labda navimwaga mwenyewe usingizini. Labda nauza na sijui."

Verlin alipiga simu kliniki. Alieleza pole pole, akamwacha Deaton naye apige aeleze. Kendra alisikiliza, akaenda kumuuliza daktari, akarudi.

"Anasema kama ni wizi, pawe na taarifa ya polisi, yenye jina la mwizi. Ikiwepo hiyo, ataliangalia suala upya."

Jina la mwizi. Verlin aliweka simu chini, akamgeukia mkewe akitumaini atasema, aa, hapana, tusifike huko. Reva alikuwa mtu wa kusamehe. Alimsamehe hata yule mzee aliyemwangukia.

"Nenda kamtaje," Reva akasema.

"Reva, ni Wilda. Yule ndiye mama yangu mimi."

"Na mimi ni nani wako?"

Alisema bila kupandisha sauti. Verlin alikaa ukingoni mwa kitanda, akaitazama mikono yake. Miaka yote ile hakuwahi kuulizwa swali ambalo jibu lake lilikuwa wazi kiasi kile, na zito kiasi kile.

Alikwenda. Alikaa ndani ya pikapu mbele ya kituo cha polisi mpaka askari mmoja akatoka kumuuliza kama gari limeharibika. Ndipo akaingia, akasema jina la dada yake kwa sauti, mbele ya askari aliyekuwa akila sandwichi. Akashangaa kwamba paa halikuporomoka. Askari alifuta mikono, akauliza jina linaandikwaje.

Wilda hakukana hata mbele ya askari. Walimchukua alasiri, majirani wote wakiwa barazani.

Verlin aliipeleka taarifa ile kliniki mwenyewe, ikiwa imekunjwa ndani ya kifuko cha shati. Kendra aliichukua ndani. Alipotoka, Verlin alisoma jibu usoni kwake.

"Daktari amekataa."

"Alisema ataliangalia."

"Ameliangalia, Bwana Sizemore. Anasema dawa ziliibwa nyumbani kwenu, chini ya ulinzi wenu. Hawezi kubahatisha."

Verlin hakupiga kelele. Watu waliokuwepo ukumbini wanasema angalipiga kelele ingalikuwa nafuu. Alisimama tu, akageuza kofia mikononi, mara moja, mara mbili. "Nimemtoa dada yangu," akasema. "Mlisema nimlete, nimemleta." Halafu akaketi sakafuni, mtu mzima yule, mgongo ukutani, na Kendra akaacha dirisha lake akaja kuketi karibu naye, koti jeupe na yote, akilia. Hapo ndipo Verlin alipojua kwamba binti yule naye hakuwa na la kufanya.

Yaliyofuata yalikuwa majira ya taabu. Kila ofisi waliyokwenda, yule aliyeketi mbele ya kompyuta alisoma kidogo, akanyanyua nyusi, akasema daktari hapokei wagonjwa wapya. Doa lile kwenye faili lilitangulia kufika kila mahali. Nyumbani, Verlin alihamishia godoro karibu na jiko la makaa. Alimwekea Reva chupa za maji ya moto, akamkanda mguu kwa mafuta mpaka vidole vyake mwenyewe vikavimba. Kuna siku Reva alimfukuza chumbani kwa matusi ambayo Verlin hakujua kwamba mkewe anayajua.

"Toka! Mikono yako kama msasa!"

Alitoka, akakaa nyuma ya mlango, akarudi alipoitwa. Siku nyingine alimkuta akijaribu kusuka nywele zake mwenyewe, mikono haifiki. Akaketi nyuma yake akasuka yeye. Ilitoka kama kamba ya kufungia ng'ombe. Reva aliigusa, akasema, "Wacha tu, hakuna ninapokwenda."

Deaton ndiye aliyesikia habari za Daktari Subbiah, mama mmoja mtu mzima aliyetoka India akiwa msichana na kutibu wachimba makaa upande wa pili wa mlima mpaka akawa anaongea kama wao. Walikwenda bila matumaini. Daktari alisoma kila kitu, mpaka taarifa ya polisi, mpaka neno la Deaton. Kisha akavua miwani.

"Kwa hiyo kipimo kilisema kweli," akasema, "na wewe ulisema kweli, na hakuna aliyeuliza mara ya pili?"

Verlin alitazama dirishani. Walikuwa wamejiandaa kwa kila namna ya matusi; kuaminiwa hawakujiandaa nako. Daktari alimwandikia dawa pungufu ya ile ya zamani, na mazoezi ndani ya bwawa la maji ya uvuguvugu. Baadaye alimpima mkojo pia, kama wengine wote. Mara hii dawa ilikuwemo. Reva hakupona, na hatapona, lakini kufikia majira ya kuchanua miti aliweza kusimama kwenye sinki akamaliza vyombo.

Kesi ya Wilda ilisikilizwa wakati huo. Reva alisema atakwenda. Verlin alidhani anakwenda kushuhudia dada yake akiadhibiwa, akaogopa.

Wilda alikuwa amesimama amejishikilia kwenye meza, gauni lake la Jumapili likimpwaya. Hakimu alimuuliza Reva kama ana neno. Reva akainuka, mkono mmoja ukishika bega la Verlin.

"Mimi sijamsamehe," akasema. "Iandikwe hivyo. Sijui kama nitamsamehe. Lakini nilikuwa bila dawa kama yeye, najua mtu anafika wapi. Msimpeleke gerezani. Mtafutieni daktari."

Verlin alimtazama mkewe akiwa kinywa wazi, sawasawa na siku ile ya kwanza kliniki. Alidhani amemjua mwanamke huyu hadi mifupani. Hakimu alikohoa, akashauriana na mwendesha mashtaka, kisha akaamuru Wilda awe chini ya uangalizi, ahudhurie matibabu, asiingie nyumba ya Sizemore bila ruhusa ya Reva.

Nje ya mahakama mvua ilikuwa inanyesha. Wilda alisimama chini ya ukingo wa paa na mkoba wake, akitazama barabara. Aliyemleta asubuhi alikuwa ameshaondoka. Verlin alimwangalia dada yake, akamwangalia mkewe. Hakuthubutu kuomba.

"Amri ya hakimu ni ya nyumbani," Reva akasema. "Gari si nyumba. Mwite."

Pikapu ina kiti kimoja tu kirefu. Reva lazima akae dirishani kwa ajili ya mgongo, kwa hiyo Wilda alipanda katikati, akachukua muda mrefu kupandisha mguu, na Verlin hakujua amshike au asimshike. Mwishowe alimsukuma kiuno kama gunia. Wakaenda. Vifuta mvua vilifanya kazi yao. Walipita daraja la kwanza, wakapita kanisa, wakaingia zile kona za kijito.

"Wilda," Reva akasema.

"Ee, wifi?"

"Sogeza goti. Linanigusa mguu mbovu."

Wilda akasogea, akabanwa na gia. Verlin akaendesha kwa mkono mmoja, akishikilia usukani kwa nguvu, na kila kona alipunguza mwendo kwa ajili ya wote wawili.